Mcheza Ugenini: Wapiga Ngoma Wasiotajwa katika Muziki wa Roki

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Katika historia ya muziki wa roki wa Marekani na Uingereza kuna kundi la watu ambao methali hiyo haikuwafaa kitu, kwa kuwa hawakucheza kwao hata siku moja. Hao ni wapiga ngoma wa kukodiwa. Mpiga ngoma wa namna hii aliitwa studio asubuhi, akakuta wimbo asioutunga, waimbaji ambao pengine hakuwajua, na karatasi ya nota ambayo mara nyingi haikumwambia zaidi ya idadi ya mapigo na mahali pa kunyamaza. Kikao cha kawaida kilikuwa cha saa tatu. Zilipokwisha, alitia sahihi fomu ya malipo, akafunga ngoma zake na kuelekea studio ya pili. Wimbo ulitoka, ukavuma, ukapigwa redioni mpaka watoto wakaujua kwa moyo, na jalada la santuri likabeba picha za vijana wengine.

Watu hao si wachache wala kazi yao si ndogo. Hal Blaine, aliyezaliwa mwaka 1929 katika mji wa Holyoke, Massachusetts, na kufariki mwaka 2019, alipiga ngoma katika nyimbo zipatazo 40 zilizofika nafasi ya kwanza katika orodha ya mauzo ya Marekani. Tangu mwaka 1966 hadi 1971, kila rekodi iliyotunukiwa tuzo ya Grammy ya Rekodi Bora ya Mwaka ilikuwa na ngoma zake. Ilikuwa miaka sita mfululizo, na wenye nyimbo walikuwa watu wasiofanana kabisa, tangu Herb Alpert na Frank Sinatra hadi Simon na Garfunkel. Nchini Uingereza, Clem Cattini alipiga katika nyimbo zaidi ya 40 zilizoshika nafasi ya kwanza huko kwao. Mwenye kuhifadhi santuri za miaka ya 1960 anaweza kuwa ameisikiliza mikono ya watu hawa wawili kwa saa nyingi kuliko mikono ya mwanamuziki mwingine yeyote, kisha akapekua majalada yake yote na asiyakute majina yao ila kwa nadra.

Kwa msomaji aliyelelewa na ushairi wa Kiswahili, suala hili lina sura anayoifahamu. Mizani ya shairi, nane kwa nane, haina mwenyewe. Hapana mshairi awezaye kudai kwamba ameibiwa kwa sababu mwenziwe ametunga kwa mizani kumi na sita. Hata hivyo, kila msomaji anajua kwamba washairi wawili wanaweza kutunga kwa mizani ile ile na vina vile vile, na shairi la mmoja likatembea, la mwenziwe likachechemea. Kilichowatenga ni mwendo: mahali pa kuvuta pumzi, neno zito lilikowekwa, kimya kilichoachwa kabla ya kina kuanguka. Mizani ni mali ya wote, lakini mwendo ni wa mtu. Desturi ya biashara ya muziki, pamoja na sheria iliyoandamana nayo, imeihesabu kazi ya mpiga ngoma kuwa ni mizani tupu. Hapo ndipo penye kosa, na kosa hilo huonekana wazi mtu akizisikiliza rekodi zenyewe moja baada ya moja.

Mfano wa kwanza ni Earl Palmer wa New Orleans, aliyezaliwa mwaka 1924 na kufariki mwaka 2008. Utotoni alikuwa mcheza dansi ya kugonga viatu katika maonyesho ya jukwaani, na miguu yake ilijua hesabu kabla mikono yake haijashika mkwiro. Mwezi Desemba 1949, katika studio ndogo ya Cosimo Matassa, alipiga ngoma katika wimbo "The Fat Man" wa Fats Domino. Katika jazi ya mji ule, kama alivyosimulia mwenyewe, pigo zito la pili na la nne lilikuwa likiwekewa akiba hadi duru ya mwisho, pale bendi nzima inapopandisha sauti ili kufunga. Palmer alilichukua pigo hilo la kufungia na kulitandaza katika wimbo mzima, tangu mwanzo wake. Ni kama mshairi aliyekitwaa kibwagizo cha ubeti na kukiingiza ndani ya kila mshororo, kisha shairi likasimama badala ya kuanguka.

Miaka michache baadaye, katika nyimbo za Little Richard kama vile "Tutti Frutti" ya mwaka 1955 na "Lucille" ya mwaka 1957, alikabiliwa na tatizo jingine. Wapiga ngoma wa wakati ule walizoea mwendo wa kudemadema, ambao kila pigo lake hugawanywa katika sehemu mbili zisizo sawa, moja ndefu na moja fupi. Mkono wa kulia wa Little Richard, nao, ulikuwa ukiigonga piano kwa mapigo manane yaliyolingana, hayademi wala hayapumziki. Palmer alieleza kwamba hakuona njia ila kuufuata mkono ule. Akaunyosha mwendo wake hatua kwa hatua mpaka ukalingana na piano, huku pigo la pili na la nne likibaki zito vile vile. Mwendo ulionyoshwa hivyo ndio ambao baadaye ulienea duniani kote chini ya jina la roki. Watunzi wa nyimbo hizo wameandikwa katika daftari za hakimiliki, na mtu aliyeamua namna zitakavyotembea alilipwa ujira wa kikao.

Mfano wa pili ni mfupi zaidi, kwa maana hauzidi mapigo manne. Katika kiangazi cha mwaka 1963, kwenye studio za Gold Star mjini Los Angeles, mtayarishaji Phil Spector alirekodi wimbo "Be My Baby" wa kundi la The Ronettes. Kabla ya sauti ya mwanadamu na kabla ya ala nyingine yoyote kupata nafasi, ngoma ya Hal Blaine inafungua wimbo peke yake. Ngoma kubwa ya mguu inalia mara moja, panafuata kimya, inalia mara mbili kwa kufuatana, kisha ngoma ndogo ya nyaya inapasua kwa mlio mkavu kwenye pigo la nne. Blaine alisimulia kwamba mwendo huo ulitokana na bahati mbaya: alikusudia kuipiga ngoma ya nyaya kwenye pigo la pili pia, ila mkwiro ukamponyoka. Baada ya kukosea mara ya kwanza aliamua kukosea vivyo hivyo hadi mwisho wa wimbo.

Simulizi hiyo husomwa na wengi kama kichekesho, ilhali ndani yake mna somo zima la utunzi. Kuponyokwa na mkwiro ni jambo linaloweza kumpata yeyote. Kutambua, katika nukta moja, kwamba pengo lililobaki ni bora kuliko pigo lililokusudiwa, kisha kulirudia kwa makusudi, ni uamuzi wa msanii. Pengo lile kwenye pigo la pili ndilo linalomfanya msikilizaji angoje, na kungoja huko ndiko wimbo mzima unakokuzungumzia, kwa kuwa ni wimbo wa msichana anayemwomba mtu awe wake na bado hajajibiwa. Karibu na mwisho ala zote zinanyamaza, na mapigo yale yanarudi peke yake kama mtu aliyebisha hodi mara ya pili. Jeff Barry, Ellie Greenwich na Phil Spector ndio waliotajwa kuwa watunzi, na kwa haki, kwani maneno na lahani ni yao. Lakini kile kimya cha kungojea ni cha Blaine.

Thamani ya mapigo hayo manne inadhihirishwa na safari yake. Blaine mwenyewe aliyatumia tena mwaka 1966, kwa upole na kwa sauti ya chini, katika wimbo "Strangers in the Night" wa Frank Sinatra, na wengi waliousikia hawakushuku kwamba ni mwendo ule ule uliovaa nguo za usiku. Mwaka 1985 kundi la The Jesus and Mary Chain kutoka Scotland lilifungua wimbo wake "Just Like Honey" kwa mapigo hayo hayo, na masikio yaliyozoea roki yaliyatambua mara moja. Jambo linalotambulikana kwa mapigo manne tu, bila neno wala sauti ya kuimba, haliwezi tena kuitwa mizani isiyo na mwenyewe.

Ni vyema hapa kueleza kwa nini watu hawa waliitwa na kwa nini walifichwa. Studio ilikodiwa kwa saa, na kampuni za santuri zilihesabu kila dakika. Bendi za vijana zilikuwa na sura nzuri na nyimbo nzuri, lakini si kila kijana aliweza kushika mwendo bila kuyumba mbele ya kinasa sauti. Wimbo "Mr. Tambourine Man" wa kundi la The Byrds, uliorekodiwa Januari 1965, una mwanachama mmoja tu wa kundi hilo aliyepiga ala, naye ni Roger McGuinn kwa gitaa lake. Ngoma zilipigwa na Blaine, na mpiga ngoma wa kundi, Michael Clarke, hakushiriki. Huko London, katika wimbo "You Really Got Me" wa The Kinks wa mwaka 1964, ngoma zilipigwa na Bobby Graham, wakati Mick Avory, aliyekuwa mpiga ngoma wa kundi, alipewa tari.

Tari hilo lina historia ya kusikitisha. Miaka miwili kabla, tarehe 11 Septemba 1962, kundi la The Beatles lilirudi studio kurekodi tena wimbo wake wa kwanza, "Love Me Do". Ringo Starr, aliyejiunga na kundi wiki chache tu zilizopita na aliyekwisha kuurekodi wimbo huo tarehe 4 ya mwezi ule, alimkuta Andy White, Mskoti mwenye uzoefu, amekwisha kukodiwa kuchukua nafasi yake. Yeye akapewa tari. Hadi leo wakusanyaji wa santuri hutofautisha rekodi hizo mbili kwa alama hiyo: yenye mlio wa tari ni ya White, isiyo na tari ni ya Starr. Mfumo ule uliwadhulumu wote wawili kwa mkupuo mmoja. Starr, ambaye baadaye alithibitika kuwa miongoni mwa wapiga ngoma wenye mwendo wao wenyewe kabisa, alifedheheshwa mbele ya wenzake. White, ambaye alipiga katika toleo lililoingia kwenye albamu ya kwanza ya kundi mashuhuri kuliko yote, alilipwa ujira wa siku na akaondoka kwenye historia mpaka uzeeni. Alifariki mwaka 2015 huko New Jersey, ambako alikuwa akifundisha upigaji ngoma wa Kiskoti.

Ikiwa majina haya yanajulikana leo, shukrani haiendi kwa wahakiki wa muziki. Yalihifadhiwa na wahasibu. Nchini Marekani chama cha wanamuziki kilidai kwamba kila kikao kiwe na fomu yake, yenye jina la kila mpigaji na kiasi anachodai, na fomu hizo ndizo ambazo watafiti walizifungua miaka mingi baadaye. Pale fomu zilipokosekana, pameota uvumi. Bernard Purdie, mmoja wa wapiga ngoma stadi kabisa wa New York, amedai mara nyingi kwamba alipiga juu ya rekodi za awali za The Beatles, na wachunguzi wa rekodi hizo hawakuuona ushahidi wa kuliunga mkono dai hilo kwa ukubwa aliolipa. Si lazima kumwamini Purdie ili kuielewa hali yake. Mahali ambapo kazi za kweli hazikuandikwa jina, kila mmoja huachwa ajisemee, na mkweli husimama pamoja na mwenye kutia chumvi mbele ya msikilizaji asiye na cha kuwapambanulia.

Sheria nayo haikusaidia sana. Hakimiliki katika utunzi wa muziki imezoea kuangalia maneno na lahani, yaani kile kinachoweza kuimbwa au kuandikwa juu ya mistari mitano. Mkataba wa Roma wa mwaka 1961 ulimtambua mpigaji na kumpa ulinzi, lakini ulinzi huo ni wa upigaji wake. Wazo la mapigo yenyewe limebaki nje. Kesi ya wimbo "A Whiter Shade of Pale" wa kundi la Procol Harum, uliotoka mwaka 1967, inaonyesha mpaka huo unapopita. Wimbo uliandikishwa kwa majina ya Gary Brooker na Keith Reid. Karibu miaka 40 baadaye Matthew Fisher, aliyepiga kinanda cha ogani, alikwenda mahakamani London akidai kwamba lahani ya kinanda inayofungua wimbo huo ni utunzi wake. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilimpa asilimia 40 ya haki za muziki wake. Rufaa ikampunguzia mwaka 2008, na mwaka 2009 Baraza la Malodi, lililokuwa wakati huo mahakama ya mwisho ya Uingereza, likamrudishia.

Uamuzi huo ulishangiliwa, na ulistahili. Ulikiri kwamba mtu anaweza kuingia studio kama mpigaji na kutoka akiwa mtunzi. Lakini msikilizaji aurudie wimbo wenyewe, safari hii akiacha kinanda kipite na kuzisikiliza ngoma. Aliyezipiga ni Bill Eyden, mpiga jazi aliyekodiwa kwa sababu kundi lilikuwa bado changa. Mwendo ni wa polepole mno, na wimbo wa polepole ndio mtihani mkubwa wa mpiga ngoma, kwa kuwa kila pengo ni refu na kila kosa huonekana. Eyden hakimbilii. Anauacha mshororo umalizike, kisha anaujaza mwanya uliobaki kwa mapigo mazito yanayoporomoka kama mtu ashukaye ngazi gizani, na matoazi yanaupokea mshororo unaofuata. Kinanda kimeazima adhama yake kwa Bach, na uzito wake kimeupata kwa Eyden. Alifariki mwaka 2004, kabla hukumu ya kwanza haijatoka, na hapakuwa na mtu aliyeuliza sehemu yake ni asilimia ngapi.

Mfano wa wimbo "Layla" wa mwaka 1970 unashangaza zaidi. Mtunzi wake mmoja ni Eric Clapton, na wa pili ni Jim Gordon, mpiga ngoma aliyekuwa miongoni mwa waliokodiwa sana mjini Los Angeles kabla ya kujiunga na Clapton. Kwa mara moja, basi, jina la mpiga ngoma limeandikwa mahali pa mtunzi. Lakini sababu yake ni sehemu ya piano inayoufunga wimbo. Hata sehemu hiyo ina mgogoro, kwani mwimbaji Rita Coolidge ameeleza katika kumbukumbu zake kwamba yeye ndiye aliyeitunga pamoja na Gordon na jina lake likaachwa. Ngoma ambazo Gordon alizipiga katika wimbo huo, na zinazoubeba tangu mwanzo, hazikumpa kitu katika daftari la utunzi. Mwaka 1993 Clapton na Gordon walitunukiwa Grammy ya Wimbo Bora wa Roki kwa toleo jipya la "Layla", ambalo ndani yake hamna ngoma za Gordon wala ile sehemu ya piano. Wakati huo Gordon alikuwa gerezani kwa kumuua mama yake mwaka 1983, akiwa na maradhi mazito ya akili, na humo kifungoni ndimo alimofia mwaka 2023. Uhalifu wake hauna cha kuutetea, lakini mizani potofu iliyompimia kazi yake ni jambo jingine, na inafaa itazamwe peke yake.

Ipo hoja ya upande wa pili, na haifai kupuuzwa. Mtu anaweza kuuimba "Be My Baby" jikoni bila ngoma yoyote, na kila asikiaye akautambua. Wimbo, basi, ni maneno na lahani, na ngoma ni nguo iliyovikwa. Zaidi ya hayo, wapiga ngoma hawa hawakutekwa. Walikubali ujira waliopewa, baadhi yao waliishi vizuri kwa ujira huo, na walijiepusha na hasara ambazo mwenye wimbo huzibeba unapoanguka. Fundi wa kujenga, watasema, hadai kodi ya nyumba kila mwezi.

Hoja hiyo ni sahihi kwa kadiri inavyohusu wimbo. Kosa lake ni kudhani kwamba roki ni fasihi ya nyimbo peke yake. Roki ilizaliwa pamoja na kinasa sauti, na kazi yake kuu ni rekodi: sauti hii hasa, iliyopigwa siku hii, katika chumba hiki. Katika rekodi ya "The Boxer" ya Simon na Garfunkel ya mwaka 1969, ngoma za Blaine ziliwekwa katika ujia wa jengo la studio mjini New York, karibu na mlango wa lifti, ili mwangwi wa shimo la lifti uupokee mlio wake. Pigo lile zito linaloanguka katika kibwagizo ni ngumi ambayo maneno ya wimbo hayakuweza kuitupa. Aimbaye jikoni anaubeba wimbo na kuiacha rekodi nyumbani. Mambo hayo mawili yana watunzi tofauti, japo baadhi yao ni wale wale. Mhakiki aandikapo kuhusu rekodi huku akiwataja watunzi wa wimbo tu, amehakiki kitu ambacho hakukisikiliza.

Na kuhusu ujira, shida haikuwa njaa. Msomaji wa tafsiri anaweza kulielewa hili kwa urahisi. Mfasiri naye hulipwa kwa kurasa, na hapana asemaye kwamba kitabu ni chake. Lakini mhakiki anayekisifu kitabu kilichofasiriwa kwa utamu wa lugha yake, kisha asimtaje aliyeichagua lugha hiyo neno kwa neno, amempa mtu mmoja sifa ya mwingine. Malipo huweza kumalizika siku ya kazi. Sifa haimaliziki siku hiyo, na ndiyo maana ni lazima ijulikane inakwenda kwa nani.

Wapiga ngoma wenyewe, kwa upande wao, wamekuwa waaminifu kuliko wahakiki. Baina yao kuna kitu kinachofanana na isnadi. Mwendo mmoja wa kudemadema, wenye mapigo laini yaliyofichwa katikati ya mapigo makubwa, hujulikana duniani kote kwa jina la Purdie, na husikika vizuri katika wimbo "Home at Last" wa Steely Dan wa mwaka 1977. Jeff Porcaro, aliyepiga katika rekodi nyingi za watu wengine kabla hajafariki mwaka 1992 akiwa na umri wa miaka 38, ndiye aliyeupiga mwendo maarufu wa wimbo "Rosanna" wa kundi lake la Toto, uliotoka mwaka 1982. Alipoulizwa aliutoa wapi, hakujitwika utukufu. Aliketi mbele ya kamera akaufumua kipande kwa kipande: hiki nimekichukua kwa Purdie, hiki kwa John Bonham wa Led Zeppelin, na pigo la chini ni la Bo Diddley. Kisha akaviunganisha tena, na kilichotokea kilikuwa chake. Hivyo ndivyo mwanachuoni hunukuu, na hivyo ndivyo mtunzi wa kweli huonyesha deni lake bila kupungukiwa.

Marekebisho yamekuwepo, ingawa yamechelewa. Mwaka 2000 jumba la kuwaenzi wanamuziki wa roki nchini Marekani lilianzisha tuzo ya wapigaji wasindikizaji, na miongoni mwa watano wa kwanza walikuwemo Earl Palmer na Hal Blaine. Kumekuwa na filamu za kumbukumbu, ikiwemo ile ya Denny Tedesco kuhusu wapigaji wa Los Angeles, ambayo baba yake alikuwa mmoja wao. Mwaka 2018, mwaka mmoja kabla ya kifo chake, Blaine alipewa tuzo ya Grammy ya mchango wa maisha. Yote hayo ni mema. Hata hivyo tuzo ya mzee ni rahisi kuliko jina la kijana, na siku hizi ambapo muziki hufika masikioni bila jalada lolote la kusomwa, mpigaji yuko hatarini kusahauliwa tena kwa njia mpya.

Blaine alikuwa na muhuri wa mpira, ambao alikuwa akiugonga kwenye karatasi za nota alizokwisha kuzipigia. Muhuri huo ulitangaza kwa herufi kubwa kwamba Hal Blaine amepiga tena. Waliouona ni wapigaji waliokuja baada yake na kuikuta karatasi ile ile juu ya kiweko. Msikilizaji wa redio hakuuona kamwe, kwa kuwa karatasi zilirudishwa kabatini na santuri zikaenda dukani. Mwenye kutaka kuusoma muhuri huo leo hana haja ya kulitafuta kabati. Na aufungue wimbo "Be My Baby", asikilize mapigo manne ya kwanza kabla mtu hajaimba, na alitaje jina la aliyeyapiga.